Jicho la Shahidi: Kuandama kwa Mwezi na Hadhari ya Makadhi

Mwezi huandama jioni. Siku ya 29 ya kila mwezi wa Kiislamu, jua likishazama, macho huelekezwa magharibi. Hilali ikionekana, mwezi mpya umeingia, na isipoonekana, mwezi unaomalizika hukamilishwa siku 30. Pwani ya Afrika Mashariki iliendesha mwaka wake kwa hesabu hii kwa karne nyingi: Rajabu, Shaabani, Ramadhani, kisha Mfungo Mosi, Mfungo Pili, hadi Mfungo Tisa. Miandamo mingi ilipita bila watu kuinua shingo. Ni jioni chache tu za mwaka, hasa ile ya kuingia Ramadhani na ile ya kutoka, zilizowapandisha watu madarini na kuwashusha ufukweni, kwa sababu funga ya mji mzima ilikuwa ikingoja neno la mtu mmoja au wawili waliosema wameona.

Aghalabu historia ya desturi hii husimuliwa kama ubishi kati ya wanaotazama na wanaopiga hesabu. Ubishi huo upo, lakini si kiini cha jambo. Wanachuoni waliotegemea macho ndio waliotangulia kuyatilia shaka, na taratibu walizoziweka, kuanzia maswali ya kadhi hadi idadi ya mashahidi, zilikusudiwa kumlinda mtu asipotoshwe na jicho lake mwenyewe. Mwongo alikuwa rahisi kumnasa. Aliyewasumbua zaidi ni mkweli aliyeona kisichokuwapo.

Ugumu unaanzia angani. Kwa wastani mwezi hutimiza duru ya sura zake kwa siku 29, saa 12 na dakika 44. Unapopita upande wa jua hauonekani kabisa, na kuanzia hapo huachana nalo kwa nyuzi 12 hivi kwa siku, yaani nusu nyuzi kwa saa, ambayo ni sawasawa na upana wa mwezi wenyewe. Katika miaka ya 1930 mwanafalaki Mfaransa André Danjon alionesha kwamba mwezi ukiwa umeachana na jua kwa chini ya nyuzi 7 hivi, hakuna hilali ya kuonekana kwa macho, hata mbingu ikiwa safi kiasi gani. Mei 1990 Stephen James O'Meara, mtazamaji mwenye macho makali na uzoefu wa miaka, aliuona mwezi kwa macho matupu ukiwa na umri wa saa 15 na dakika 32, na jambo hilo likahesabiwa kuwa rekodi. Mtu wa kawaida huhitaji mwezi wenye saa 20 na zaidi, na mara nyingi hata wa saa 24 humpita.

Pwani ina neema yake na mikosi yake. Lamu, Mombasa, Pemba na Unguja zote ziko kati ya nyuzi 2 na 7 kusini mwa ikweta, na huko njia ya mwezi hushuka kwenye upeo karibu wima. Hilali hukaa juu ya pale jua lilipozamia, imelala chali mfano wa dau, na kwa muda uleule wa umri huwa juu zaidi kuliko inavyokuwa kwa watu wa Ulaya wakati wa baridi. Hiyo ndiyo neema. Mikosi ni kwamba bahari iko mashariki. Mtu wa Mombasa au Malindi huyatazama machweo juu ya bara, kupitia vilele vya minazi, moshi wa majiko na vumbi la siku nzima. Wenye magharibi ya maji ni watu wa visiwani walio upande wa machweo, kama Mji Mkongwe, Wete na Mkoani, na hata wao huona mawingu yakijipanga juu ya bara saa ileile wanayoihitaji mbingu. Ramadhani ikiangukia masika, kati ya Machi na Mei, jioni nyingi huwa hakuna cha kutazama.

Kisha lipo jicho lenyewe. Aliyelikodolea jua linalozama hubaki na alama ndani ya jicho, nayo humfuata kila anapogeuza uso, wakati mwingine ikiwa na umbo la upinde. Jicho linalopekua mbingu tupu, lisipopata kitu cha kukishika, hulegea na kulenga umbali wa mita moja au mbili mbele yake, na hilali nyembamba iliyo mbali hupotea ingawa iko palepale. Ndiyo maana watazamaji wazoefu hutazama kwanza ncha ya mnazi au mlingoti wa chombo kabla ya kurudi kwenye upeo. Zuhura, nyota ya jioni, huwaka kabla ya nyota nyingine zote na huwapumbaza wageni. Ukingo wa wingu uliopakwa mwanga hujipinda vizuri kuliko hilali yenyewe, na siku hizi moshi wa ndege inayopita juu sana umeongeza mashaka.

Yote hayo ni madogo mbele ya matarajio. Mwishoni mwa miaka ya 1980 LeRoy Doggett na Bradley Schaefer waliwaomba watu wengi wa Amerika Kaskazini waitafute hilali jioni zilizopangwa na waripoti walichokiona. Kadiri ya watu 15 katika kila 100 walisema wameuona mwezi pale ambapo haukuweza kuonekana. Hao hawakuwa na Idi ya kungojea wala pilau jikoni. Walijua tu kwamba kuna kitu cha kutafutwa, na jicho likawapa.

Tatizo hili ni kongwe kuliko Uislamu. Wayahudi wa zama za Hekalu na baada yake walianza miezi yao kwa mashahidi, na Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilika karibu na mwaka 200, inaeleza kwa kinaga namna mashahidi hao walivyohojiwa na baraza. Waliingizwa mmoja mmoja. Kila mmoja aliulizwa kama aliuona mwezi mbele ya jua au nyuma yake, kaskazini au kusini mwake, ulikuwa juu kiasi gani, umeinamia wapi, na una upana gani. Rabbani Gamalieli alikuwa na picha za maumbo ya mwezi kwenye kibao na ukutani katika chumba chake cha ghorofani; aliwaonesha watu wasiojua kueleza, akiwauliza kama waliona hivi au vile. Habari ilipelekwa mbali kwa mioto iliyowashwa juu ya vilima, mpaka Wasamaria walipowasha mioto ya uongo ili kuvuruga sikukuu, na baraza likalazimika kutuma wajumbe. Mapokeo ya Kiyahudi yanamtaja Hileli wa Pili, katika karne ya 4, kuwa ndiye aliyeuweka utaratibu wa hesabu ulioondoa haja ya mashahidi.

Madina ya karne ya 7 ilianza kwa wepesi zaidi. Hadithi zinasimulia kwamba bedui mmoja alikuja na habari ya hilali ya Ramadhani, Mtume akamuuliza juu ya shahada mbili tu, kisha akaamrisha watu wafunge. Kipimo kilikuwa imani ya mtu na uaminifu wake. Kwa sehemu kubwa fiqhi ya Kishafi, iliyoenea pwani yote, ilibaki na msingi huo: shahidi mmoja mwadilifu anatosha kuingiza Ramadhani, na wawili wanatakiwa kuitoa. Tofauti hiyo ya idadi si ya bahati nasibu. Kufunga siku moja ya ziada ni tabu ndogo. Kula mchana wa Ramadhani ni kosa kubwa, tena ni upande huohuo ambao nafsi yenye njaa huuelemea. Sheria iliweka mlinzi wa pili mahali penye tamaa.

Wanachuoni wa madhehebu ya Kihanafi walikwenda mbali zaidi. Mbingu ikiwa na mawingu, walimkubali mtu mmoja, kwa kuwa huenda upenyo ulifunguka mbele yake peke yake. Mbingu ikiwa safi walitaka kundi kubwa la watu, kwa hoja ambayo ni vigumu kuipinga: ikiwa hakuna kizuizi na watu wote wanatazama, kwa nini aone mmoja tu? Hapo mbingu safi, ambayo mtu wa kawaida angeidhani inamtia shahidi nguvu, inamdhoofisha.

Kisa kinachobainisha jambo hili kuliko vyote kinapatikana katika vitabu vya wasifu, kikiwamo cha Ibn Khallikan. Watu wa Basra walitoka kutazama mwezi, na miongoni mwao alikuwapo Anas bin Malik, sahaba aliyemhudumia Mtume, naye wakati huo umri wake ulikuwa unakaribia miaka 100. Anas akasema ameuona, akauonesha kwa kidole. Hakuna mwingine aliyeona. Iyas bin Muawiya, ambaye baadaye alikuwa kadhi wa mji huo na jina lake likawa mfano wa werevu, akamtazama mzee, akaona unywele mweupe wa nyusi umejipinda mbele ya jicho lake. Akaupangusa na kuulaza vizuri, kisha akamwomba autazame tena. Anas akasema haoni kitu.

Uzito wa kisa hiki uko katika mtu aliyechaguliwa. Uadilifu wa Anas haukuwa na swali; hadithi nyingi zinazosomwa hadi leo zimepitia kinywani mwake. Kama uaminifu peke yake ungetosha, ushahidi wake ungefunga mjadala. Iyas hakumkanusha, hakumwaibisha, wala hakumwita mzee aliyechoka. Aliliondoa lililokuwa mbele ya jicho, akamwachia shahidi mwenyewe atoe hukumu. Kadhi mzuri wa mwezi alifanya kazi ya namna hiyo kila alipouliza hilali ilikuwa wapi kuhusiana na pale jua lilipozamia, pembe zake zimeelekea wapi, ilidumu muda gani, na nani mwingine alikuwapo. Aliyeona kweli hujibu bila kufikiri. Aliyeona unywele hupinda pembe upande usiowezekana, kwa kuwa sikuzote tumbo la hilali huelekea kule liliko jua.

Jicho halikosei kuhusu kuwapo kwa mwezi tu, hukosea hata umri wake. Kila mwaka, mwezi ukionekana, hutokea mtu akasema hilali hii ni nene mno, ni ya siku mbili, kwa hiyo tumekula siku ya Ramadhani. Hoja hii ina umri wa karne 13 na ushei. Sahihi Muslim inasimulia watu waliokuwa wakienda umra wakauona mwezi mahali paitwapo Batn Nakhla, wengine wakasema ni wa siku mbili, wengine wa siku tatu. Walipomuuliza sahaba Ibn Abbas, akawajibu kuwa ni wa usiku ule waliouona. Hesabu inaunga mkono jibu hilo. Mwezi uliokuwa na umri wa saa 15 jioni ya jana ulipita bila kuonekana. Jioni ya leo una saa 39, umekuwa mnene na uko juu sana, ilhali huu ndio usiku wake wa kwanza machoni pa watu.

Ukubwa nao hudanganya. Mwezi unaochomoza au kuzama huonekana mkubwa kuliko ule ulio utosini, lakini ncha ya kidole cha mwisho cha mkono ulionyooshwa huufunika kwa urahisi uleule pande zote mbili. Wa kale walidhani hewa ndiyo inayoukuza. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufariki Cairo karibu na mwaka 1040, aliandika katika kitabu chake cha elimu ya kuona kwamba sababu kubwa iko katika hukumu ya akili: vitu vilivyojipanga juu ya ardhi hadi kwenye upeo huifanya akili idhani kuwa mwezi uko mbali zaidi, basi ikaupa ukubwa unaolingana na umbali huo. Jicho limeleta habari sahihi, na aliyeisoma vibaya ni msomaji wa ndani.

Miaka sabini hivi baadaye Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliifanya hoja hiyo kuwa mlango wa safari yake ya kiroho. Katika al-Munqidh min al-Dalal anaeleza jinsi alivyozipoteza imani zake alipozichunguza hisi. Kivuli huonekana kimesimama tuli, na baada ya saa moja mtu hugundua kuwa kilikuwa kikienda muda wote. Nyota huonekana ndogo kama dinari, na ithibati za jiometria zinasema ni kubwa kuliko dunia. Ikiwa hisi zimesutwa na akili, akajiuliza, ni nani ajuaye kwamba hakuna hakimu mwingine juu ya akili atakayeisuta hiyo nayo? Al-Ghazali hakutoka humo akiwa mtu wa kukana kila kitu. Katika Ihya, mkusanyo wake mkubwa wa vitabu, alitenga kitabu kizima cha muraqaba na muhasaba, yaani moyo kujichunga na kujihesabia, na mafundisho hayo yalifika pwani kupitia masharifu wa Hadhramaut wa tarika ya Alawiyya, ambao Ihya kwao ilikuwa kitabu cha kila siku. Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ulioanzishwa na Habib Saleh, ni tunda la mkondo huo. Kwa watu wa malezi haya, aliyesimama ufukweni kuutafuta mwezi alikuwa na mambo mawili ya kuchunga: upeo, na hamu yake mwenyewe ya kuona.

Alfajiri ilikuwa na mtego wa aina yake. Kabla ya mapambazuko ya kweli, mwanga hafifu husimama wima upande wa mashariki, mpana chini na mwembamba juu, kisha giza hurudi. Mafakihi waliuita alfajiri ya uongo na wakaufananisha na mkia wa mbwa mwitu; alfajiri ya kweli ni ule mwanga unaotanda mlalo kwenye upeo, nao ndio unaokataza daku na kuhalalisha sala. Ule wa kwanza ni mwanga wa jua unaoakisiwa na vumbi lililotapakaa kati ya sayari, na huonekana vizuri zaidi katika nchi za tropiki. Wanafalaki wa Ulaya waliuchunguza kwa makini kuanzia karne ya 17, Giovanni Cassini akiwamo mwaka 1683. Waadhini walikuwa wameshaujua na kuukataa miaka 1,000 kabla yake. Katika Madina yenyewe, Bilal aliadhini usiku ungalipo ili kuwaamsha watu, na adhana ya alfajiri iliachiwa Ibn Umm Maktum, ambaye alikuwa kipofu. Hakuadhini mpaka wenzake wamwambie kumekucha. Yeye hangeweza kughurika na mkia wa mbwa mwitu.

Si kila udanganyifu wa jicho sheria iliuona kuwa tatizo. Hewa hupinda mwanga kwenye upeo kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi, kwa hiyo jua linapoonekana likigusa maji kwa ukingo wake wa chini, kwa hesabu limekwisha zama lote. Hakuna mwanachuoni aliyetaka mfungaji afuturu dakika hizo mapema. Hukumu ilifungwa kwenye kile kinachoonekana kwa wote kwa namna moja. Kilichochungwa ni kile ambacho mmoja huona na wengine wasione.

Hapo ndipo hesabu ilipoingia. Taqi al-Din al-Subki, kadhi mkuu wa Damascus aliyefariki mwaka 1355, alishikilia kwamba hesabu ya yakini ikionesha kuwa mwezi hauwezi kuonekana, ushahidi hukataliwa, kwa kuwa ushahidi ni dhana, na dhana haiishindi yakini. Hakutaka mwezi uingizwe kwa hesabu. Alitaka hesabu imzuie shahidi aliyekosea. Ibn Hajar al-Haytami aliukubali msimamo huo kwa masharti, na al-Ramli akaukataa. Vitabu vya hawa wawili ndivyo vilivyotegemewa na wanachuoni wa Kishafi wa pwani, kwa hiyo kadhi wa Unguja au Mombasa alikuwa na hoja za pande zote mbili rafuni pake.

Unguja ya karne ya 19 ilikuwa na makadhi wa Kiibadhi na wa Kishafi chini ya masultani wa Kiibadhi, na mwandamo ukithibiti mji ulitangaziwa kwa mizinga. Mabohora waliokuwa jirani hawakuungoja: kalenda yao ya tangu zama za Wafatimi hupanga miezi ya siku 30 na 29 kwa zamu, na kuongeza siku moja katika miaka 11 ya kila miaka 30, hivyo mara nyingi hutangulia kwa siku moja au mbili. Mwaka 1879 waya wa telegrafu wa chini ya bahari uliunganisha Aden na Unguja. Ghafla habari ya mwezi wa mbali ingeweza kufika usiku uleule, na swali la kale likarudi na sura mpya. Zamani mtu aitwaye Kurayb alipotoka Sham akamwambia Ibn Abbas kuwa huko mwezi ulionekana usiku wa Ijumaa, naye Ibn Abbas akashikamana na mwezi wa Madina ulioonekana usiku wa Jumamosi, habari ilikuwa imekuja kwa ngamia na mwezi ulikuwa ukingoni. Mwaka 1911 Jamal al-Din al-Qasimi wa Damascus alichapisha kitabu kizima cha kutetea kuifanyia kazi habari ya telegrafu. Waliopinga walikuwa na jambo la maana pia: waya hauna uso. Kadhi hawezi kuyaona macho ya shahidi wake wala kumuuliza pembe zilielekea wapi. Redio na simu ziliukuza mgogoro huo, na tangu nusu ya pili ya karne ya 20 mtaa mmoja wa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam umeweza kuwa na watu wanaosali Idi na wengine wamefunga.

Hatua iliyofuata imeliacha jicho kabisa. Tarehe 8 Julai 2013, siku moja au mbili kabla ya Ramadhani kuanza katika nchi mbalimbali, mpiga picha Mfaransa Thierry Legault alinasa hilali mchana kweupe, saa 4 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, katika dakika ileile ya mkutano wa jua na mwezi, akitumia kamera ya mwanga usioonekana kwa macho na kizuizi cha kukinga jua. Mwezi ulikuwa umeachana na jua kwa chini ya nyuzi 5, ndani ya mpaka aliouweka Danjon. Kwa mafakihi wengi darubini ni msaada wa jicho, kama miwani, na anayeona kwa darubini baada ya magharibi ameona. Picha ya Legault ni ya kweli na haina unywele wa nyusi ndani yake, lakini imepigwa mchana, wakati ambao hakuna shahidi anayeitwa kutazama, na kwa hiyo haiingizi mwezi.